Kubana kwa Kadiri

Kabla mkanda wa kubana paja haujatoka begini, maswali hutangulia. Katika chumba cha chini cha ghorofa moja hapa Kware, Embakasi Kusini, mtaalamu wa tiba ya viungo amevuta kigoda mbele ya kijana wa bodaboda aliyefanyiwa upasuaji wa goti la kushoto, naye hana haraka. Presha yako hupanda? Mguu huu umewahi kuvimba na kuuma ukaambiwa damu imeganda? Kwenu kuna mtu mwenye selimundu? Swali hilo la mwisho analirudia kwa njia nyingine, akiwataja wajomba na shangazi, kwa sababu Kware ni mtaa wa watu waliotoka kila pembe ya nchi. Huko Nyanza, Magharibi na Pwani ugonjwa huo umeenea, na wapo wanaobeba urithi wake bila kujua. Jibu moja baya lingetosha kulifunga begi na kumpangia mazoezi mengine.

Mkanda wenyewe ni wa kitambaa kigumu, ndani una mfuko wa hewa, na upana wake unazidi kiganja. Mkanda mpana huzuia damu kwa shinikizo dogo. Ule mwembamba hudai kukazwa sana, ukaumiza ngozi na neva. Ndiyo maana mtaalamu huyu hataki kusikia habari za tyubu ya baiskeli, ambayo haina hata pa kusomea kipimo. Anaupandisha mkanda hadi juu kabisa ya paja, karibu na kinena, anainyoosha mikunjo ya kaptura chini yake mmoja mmoja, kisha anapenyeza vidole viwili kwenye ukingo. Vinapita kwa shida kidogo. Ameridhika.

Kijana analala chali. Hatua inayofuata ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Mtaalamu anapaka jeli upande wa ndani wa kifundo cha mguu, nyuma ya mfupa uliochomoza, anaweka hapo kichwa cha Doppler, kifaa kinachosikiliza damu kwa mawimbi ya sauti. Anakisogeza kidogo sana, anakiinamisha, na mara ateri inasikika chumba kizima: shwaa, shwaa, kama fagio la chelewa uani asubuhi. Mkono wa pili unafinya pampu. Mshale unapanda, sauti inafifia, inakatikakatika, inapotea. Anaachia hewa kidogo hadi sauti irudi, kisha anapanda tena, taratibu zaidi. Safari hii anasoma 180.

Hizo ni milimita za zebaki zinazozima kabisa damu ya mguu huu kwa mkanda huu. Mwenye paja nene angepata namba nyingine, na kijana mwenyewe huenda akapata nyingine wiki ijayo, hivyo hapa hakuna namba ya kukariri. Miongozo ya fani huruhusu kutumia asilimia 40 hadi 80 ya kipimo hicho. Anachagua 60, na daftarini anaandika 108.

Kwa 108 damu ya ateri bado inaingia mguuni, ila kwa uchache, huku ile ya vena, isiyo na msukumo mkubwa, ikikwama kutoka. Msuli unafanya kazi kwa oksijeni haba na taka zake zinarundikana. Nyuzi ndogo zinachoka mapema, kwa hiyo zile kubwa, ambazo kwa kawaida hungoja mzigo mzito, zinaitwa kazini. Basi uzito wa asilimia 20 au 30 tu ya ule ambao mtu angeuinua mara moja kwa nguvu zake zote unatosha kuujenga msuli. Kwa goti lililowekwa ligamenti mpya, lisiloweza kubeba chuma kizito huku paja likizidi kunywea, hiyo ni neema. Mjapani Yoshiaki Sato alianza kulifikiria jambo hili mwaka 1966, miguu yake ilipokufa ganzi akiwa amepiga magoti katika ibada ya Kibuddha ya kumkumbuka marehemu. Alijifunga na kujipima kwa miaka, akaiita njia yake Kaatsu.

Kijana sasa ameketi ukingoni mwa kitanda, mfuko mdogo wa mchanga umefungwa kifundoni. Mguu unapanda hadi nusu ya njia tu. Mtaalamu ameweka kiganja hewani pale pa kukomea, kuilinda ligamenti. Sekunde 2 kupanda, sekunde 2 kushuka, mara 30. Kijana anapumzika sekunde 30, mkanda ukiwa bado umejaa hewa. Kisha 15, halafu 15 nyingine. Paja linatetemeka.

"Daktari, inachoma!"

"Inachoma pajani, ama vidole vimeingia ganzi?"

"Pajani."

"Basi twende pole pole, kijana wangu. Ganzi ikija uniambie hapo hapo."

Hata hivyo haachi kila kitu kwa maneno. Kidole gumba chake kinabonyeza ukucha wa mguu, kinaachia, naye anatazama rangi ikirudi. Anaangalia unyayo pia, maana kwa mwenye ngozi nyeusi huko ndiko weupe wa hatari huonekana mapema. Zinabaki 15 za mwisho. Yote ni mara 75 kwa dakika 6 na nusu, na inapoisha ya 75 hewa inafunguliwa papo hapo.

Siku za mazoezi ni 2 au 3 kwa wiki. Kila baada ya muda mtaalamu hupima paja kwa tepu ya fundi cherehani, sentimita 15 juu ya kilegesambwa, mahali alipotia alama ya kalamu, bila kuivuta tepu ikazama nyamani. Leo la kushoto bado ni jembamba kuliko la kulia, lakini limeongezeka.

Kijana anakaa ghorofa ya 5, jengo halina lifti, na maji yakikatika hununuliwa chini kwenye mkokoteni. Anauliza kama anaweza kupandisha mtungi wa lita 20. Bado, anajibiwa. Kwanza kidumu cha lita 5, ghorofa 1, mkono mmoja kwenye reli; kupanda aanze na mguu mzima, kushuka aanze na ulioumia. Kisha anamtoa nje hadi ngazini, amwonyeshe.