Feni Haina Kazi kwenye Lungu

Feni ile ndiyo iliyoharibu chuma. Mliokuwepo Milanzi siku ya maonyesho mliona wenyewe: moto uliwashwa alfajiri, lungu, tanuru refu la kuyeyushia chuma, likaanza kuvuta vizuri, kisha saa nne akaja bwana mmoja na feni ya umeme, akaipachika kwenye tundu moja la chini, na watu wakapiga makofi.

Lungu la Kifipa halipulizwi. Wazee waliliinua hadi karibu mita 3 makusudi, ili joto likipanda, hewa iingie yenyewe kupitia matundu yaliyozunguka kitako, taratibu, pande zote sawa. Mtapo unashuka polepole ndani ya mkaa, unavuliwa oksijeni njiani, kabla haujafika penye moto mkali. Kazi hiyo inataka siku kadhaa. Feni ilitaka kuimaliza kabla ya chakula cha mchana. Upande wake ukapata moto wa kupindukia: bomba la udongo la kupitishia hewa likalegea, likainama, likaanza kudondoka matone, na ukuta wa ndani ukang'aa kama chupa. Mtapo ukafika chini ungali mbichi, ukayeyuka pamoja na udongo, ukageuka mavi ya chuma. Lile bonge mlilopiga nalo picha jioni nililigonga mimi. Pigo moja tu likapasuka, na ndani yake chuma kilikuwa punje za kutafuta.

Waandaaji wanasema wageni wasingengoja siku 3. Sawa, basi wangewaonyesha kintengwe, tanuru dogo la hatua ya pili, ambamo bonge la lungu lilisafishwa kabla ya kufuliwa. Hilo ndilo la mivukuto; wangelipuliza mpaka wachoke.

Kosa lilikuwa feni tu: ukuta wa udongo wa kichuguu ulijengwa vizuri, na mkaa haukuwa na kasoro.

Nimeshalisema hili na wamenichoka: tunaanza na mapambo. Kikapu cha dawa za tambiko, intangala, kilipitishwa mbele ya kamera kwa mbwembwe zote. Mafundi wa Derge, mashariki ya Tibet, hupigilia nyuzi za dhahabu na fedha kwenye vyombo vya ibada vya chuma, lakini chuma kwanza, nakshi baadaye. Wahunzi wetu wa zamani nao walikuwa na matambiko na moto pia. R. Wise aliandika juu ya yote mawili mwaka 1958 katika Tanganyika Notes and Records, na Profesa Bertram Mapunda ameyachunguza malungu ya Nkasi kwa miaka. Maandishi yapo, hakuna aliyeyafungua.

Na haya yametendeka Milanzi, utemi ambao mapokeo ya Wafipa yanauweka kabla ya utawala wa Watwa!

Mwakani feni ibaki dukani. Washeni lungu siku 3 kabla ya wageni kufika, na mgeni rasmi aje kuona likifunguliwa.