Pongezi kwa Wanaosoma Seli
Kozi ya baiolojia ya molekuli na bioteknolojia ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam inastahili sifa kuliko inavyopewa, na ushahidi wangu ni muhogo. Ugonjwa wa michirizi kahawia, ulioelezwa na wataalamu Tanganyika tangu miaka ya 1930, huozesha mizizi ardhini huku shina mara nyingi likionekana zima. Mkulima akimgawia jirani pingili za shina hilo, amemgawia na virusi. Jicho halitoshi. Jibu hutoka kwa mtu wa maabara, anayetenga chembe za urithi kutoka kwenye jani na kuzizidisha kwa kipimo cha PCR hadi virusi vijulikane.

Wazazi huuliza, na wana haki: ajira iko wapi? Kweli, nafasi za utafiti ni chache na nyingi hutegemea fedha za miradi, jambo linaloumiza vijana hodari. Hata hivyo, ujuzi huohuo unahitajika kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, kunakopimwa vinasaba vya kesi za jinai, na katika Taasisi ya Afya Ifakara, inayochunguza malaria. Aliyezoea jani la muhogo hataanza upya akiletewa mbu.