Mtoro bin Mwinyi Bakari na Kalamu ya Ugenini

Kitabu cha Desturi za Wasuaheli, kilichopigwa chapa Göttingen mwaka 1903, kimesomwa kwa muda mrefu kama ghala la habari. Mwenye kutaka kujua mambo ya arusi, jando, ngoma, utumwa au sheria za Mrima hukifungua, huchukua alitakalo, kisha hukifunga. Matumizi hayo si mabaya. Lakini ghala halina mwandishi, na kitabu hiki kinaye. Katika makala haya nakusudia kukitazama kama kazi ya mtu aliyekuwa mahali maalumu: fundi wa lugha aliyeihama nchi yake kwa sababu ya ujuzi wake, akaajiriwa katika nchi ya mbali ili awafundishe wenyeji wa huko lugha ya kwao yeye.

Mtoro bin Mwinyi Bakari alizaliwa Dunda, karibu na Bagamoyo, mnamo mwaka 1869, akapata elimu ya dini kama walivyoipata vijana wa pwani wa zama zake. Mwaka 1900 alikwenda Berlin kufundisha Kiswahili katika chuo cha lugha za mashariki kilichoanzishwa huko mwaka 1887. Hakuwa wa kwanza. Kabla yake walikwisha kwenda Sleman bin Said na Amur bin Nasur kwa kazi hiyo hiyo. Dola lililokuwa likitawala Tanganyika lilihitaji maofisa wenye kusema lugha ya raia zake, na maofisa hao hawakuweza kuipata lugha hiyo sawasawa pasipo kinywa cha Mswahili mwenyewe. Basi ujuzi wa Mtoro ulikuwa bidhaa yenye soko, na aliyeumiliki alisafirishwa pamoja nao.

Hapa linaanza suala la kwanza la uhakiki: kitabu hiki ni cha nani? Jalada la 1903 lilimtaja Carl Velten kuwa ndiye mkusanyaji. Kukusanya ni kazi halali, na Velten aliifanya kwa bidii. Pasipo yeye huenda maandiko mengi yangalipotea. Lakini neno hilo humgeuza mwandishi akawa kama shamba, na msomi akawa mvunaji. Lyndon Harries, alipotoa mwaka 1965 mateuzi ya nathari katika hazina hiyo, bado aliyaita maandiko yaliyokusanywa na Velten. Ilikuwa mwaka 1981, katika tafsiri ya J. W. T. Allen, ndipo jina la Mtoro lilipowekwa juu ya kitabu, pamoja na kutajwa kwamba walikuwamo Waswahili wengine. Miaka 78 ni muda mrefu kwa mtu kungojea jina lake.

Suala la pili ni la mtindo. Nathari ya Desturi ni tulivu na yenye mpango. Mwandishi humchukua mtu tangu kuzaliwa, akampitisha katika malezi, chuo, ndoa na safari, hata kufika mauti na matanga. Vitenzi vyake aghalabu ni vya mazoea: watu hufanya hivi, mtoto akizaliwa huitwa fulani, bwana arusi asipotoa kitu hiki hutokea jambo lile. Nafsi ya kwanza yaonekana kwa nadra. Zaidi ya hayo, hueleza mambo ambayo mtoto wa Bagamoyo hahitaji kuelezwa. Hii yatosha kutuonyesha kwamba msomaji aliyekusudiwa ni mgeni. Lugha ni ya nyumbani, lakini uso wa mwenye kusema umeelekea ng'ambo.

Yafaa kulinganisha. Salim bin Abakari, aliyefuatana na bwana wake Mjerumani hadi Urusi na Siberia mwaka 1896, alituachia habari za safari ambamo macho yake mwenyewe ndiyo yanayotazama. Nchi za baridi zimekuwa kitu cha kuelezwa, na Mwafrika ndiye mwenye kueleza. Mtoro naye alijua kuandika hivyo: katika habari za safari yake ya Udoe twamkuta akitembea, akiuliza, akistaajabu. Lakini katika kitabu chake kikubwa, Berlin haimo. Mji alimofundisha na alimoishi wakati kitabu kilipotoka hauna hata sura moja.

Kuna atakayenipinga hapa, na pingamizi lake lina haki. Atasema kwamba sehemu ya maandiko hayo ilipatikana pwani kabla ya 1900, na kwamba kitabu cha desturi za Waswahili hakina sababu ya kuzungumza habari za Wajerumani. Nakubali yote mawili. Sidai kwamba Mtoro alinyamazishwa kwa amri. Nasema tu kwamba ukimya huo walingana na masharti ya ajira yake. Alichotakiwa kukitoa ni ujuzi wa kwao. Maoni yake juu ya nchi iliyompokea hayakuwamo katika mapatano. Nathari isiyo na nafsi ndiyo iliyokuwa na mnunuzi.

Nafsi hiyo ilipojitokeza nje ya kitabu, ikawa mashaka. Mwaka 1904 Mtoro alimwoa mwanamke wa Kijerumani, Bertha Hilske. Mwaka uliofuata alikwisha kutoka katika kazi yake ya chuo, baada ya heshima yake kama mwalimu kubishaniwa. Alipofunga safari ya kurudi Afrika pamoja na mkewe, serikali ya kikoloni ilikataa mwanamke huyo asishuke pwani, wakalazimika kurudi Ujerumani. Baadaye alifanya kazi Hamburg pamoja na Carl Meinhof, kisha akajipatia riziki kwa kutoa mihadhara, mpaka alipofariki mwaka 1927. Mtu aliyewaeleza Wajerumani sheria za ndoa za Waswahili hakuruhusiwa kuingia na ndoa yake katika nchi ya kuzaliwa kwake.

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Methali hii hufahamika kama onyo kwa mgeni mvivu, lakini ina maana nyingine isiyotajwa sana: mwenye kupewa jembe amekwisha kuwa mtu wa nyumbani, na chakula atakachokula ni haki yake. Mtoro alipewa jembe siku ya kwanza, nyumba hakupewa. Kwa hiyo habari yake si ya zamani tu. Ujerumani hiyo hiyo ilitunga sheria ya kuwafungulia mlango wataalamu wa nchi za nje, ikaanza kutumika tarehe 1 Machi 2020, na dola nyingine nyingi huhesabu elimu, lugha au mali ya mtu kabla ya kumpa ruhusa ya kukaa. Tofauti na zama za Mtoro ni kubwa, maana leo kuna haki zilizoandikwa ambazo yeye hakuwa nazo. Walakini swali lililo chini ya hesabu hizo ni lile lile: yule anayeitwa kwa ajili ya ujuzi wake, je, ataruhusiwa kuwa mtu mzima, mwenye mke, hasira na maoni?

Kwa wenye kuishughulikia lugha yetu, naona kazi mbili za kufanywa. Kwanza, maandiko ya walimu hawa wa Berlin yasomwe kama fasihi, kila mwandishi kwa sauti yake, yasiwe mifano ya sarufi na mila tu. Pili, itolewe chapa ya Kiswahili ya Desturi kwa ajili ya wasomaji wa Kiswahili, yenye jina la Mtoro mbele na maelezo juu ya mahali alipokuwa wakati kitabu kilipotolewa. Kitabu kilichoelekezwa ng'ambo kwa zaidi ya karne moja chastahili sasa kugeuzwa uso, kiwasemeshe wenyewe.