Fundi Asiyevunja Ukuta

Doa la maji likianza kujichora darini, kila mtu nyumbani hupata jibu. Baba anasema ni bomba limepasuka. Shemeji anasema vigae vya bafu la juu vilipangwa ovyo. Mlinzi wa getini, ambaye hajawahi kupanda ngazi, anajua kwa hakika kwamba ni wapangaji wa juu wanaooga bila adabu. Na fundi wa kwanza kuitwa huja na jibu lake mkononi: nyundo na tindo. Kufikia jioni ukuta uko wazi, mabomba ni makavu, na doa liko palepale. Mimi nataka kumsifu fundi wa pili.

Huyu huingia mikono mitupu. Kabla ya kutazama dari anauliza: "Mama, linatona saa ngapi?" Kwa mtu aliyekesha akimwaga ndoo, swali hilo linaudhi. Lakini mahali maji yanapoonekana hapasemi mengi. Yakishapenya sakafu ya bafu husafiri juu ya zege yakifuata mteremko, yakakuta bomba la nyaya za umeme, yakaingia humo na kuchungulia kwenye taa ya chumba kingine kabisa. Hata kupanda hupanda, kwa kuwa plasta na tofali huyanyonya, ndiyo maana ukuta huweza kulowa juu kuliko tundu lenyewe. Ukitaka kuyajua maji, waulize watu habari ya saa.

Bomba la maji safi lina msukumo wakati wote, watu wawe macho au wamelala. Likitoboka huvuja usiku kucha, na doa lake halikauki hata familia nzima ikienda Moshi kula Krismasi. Kipande kinachopanda kutoka kwenye koki hadi kichwa cha shawa hupata msukumo pale tu koki inapofunguliwa, kwa hiyo huvuja mtu anapooga. Bomba la maji machafu halina msukumo. Hutona maji yanaposhuka, na kiungo kilicholegea kidogo husubiri mpaka yashuke mengi. Halafu kuna uvujaji usiohusu bomba lolote: grauti iliyolika kati ya vigae, silikoni iliyobanduka pembeni, ufa mwembamba sakafuni. Huo hungoja maji yarushwe mahali pake. Kwa Dar es Salaam lazima kuulizia na kiyoyozi, maana kibomba chake cha kutolea maji kikiziba, maji hurudi ukutani na bafu husingiziwa.

Ushauri wa kawaida ni kufunga koki zote na kuitazama mita: kigurudumu chake kidogo kikiendelea kuzunguka, kuna panapovuja. Ni ushauri mzuri, ila nyumba zetu nyingi hazinywi moja kwa moja kutoka kwenye mita. Mita hupima maji yaingiayo tangini, na nyumba huteremshiwa maji kutoka kwenye tangi la juu ya paa. Mita inaweza kutulia kabisa huku tangi likipungua. Fundi anayejua mji wake hufunga maji yanayoingia, akaweka alama ya kina ndani ya tangi usiku watu wakishaoga, akarudi kuitazama alfajiri kabla mtu hajagusa koki. Tangi lililo mita 3 juu ya shawa hutoa msukumo wa takriban baa 0.3 tu, na kiungo kibovu huweza kuuvumilia miaka mingi. Siku mwenye nyumba anapofunga pampu ili apate shawa ya hotelini, kila kiungo kilichokazwa kwa haraka hujitangaza.

Pwani yetu imeishi na shida hii tangu zamani. Husuni Kubwa ya Kilwa, jumba la karne ya 14, lina bwawa la kuogea la pembe nane. Aliyelijenga kwa mawe na chokaa alilazimika kuwaza mahali maji yatakapotafuta kutokea. Katika Mji Mkongwe wa Unguja, dari nyingi hubebwa na boriti za mikoko zilizozama ndani ya kuta za mawe ya matumbawe. Huko bafu la juu likivuja, rangi kuharibika ndiyo hasara ndogo. Unyevu hula ncha ya boriti ndani ya ukuta, ambako jicho halifiki.

Kisa kimoja cha Upanga kinanikaa kichwani. Bafu lilikuwa ghorofa ya tatu, doa ghorofa ya pili. Fundi wa nyundo alikuwa ameshapita, akabomoa nusu ya ukuta na kurudishia vigae vya rangi isiyofanana. Doa likakauka, watu wakafurahi, dari ikapakwa rangi. Miezi ikapita, likarudi. Fundi wa pili alipouliza linatona saa ngapi, mama wa chini alisita, kisha akasema, "Saa halina, fundi. Lina misimu." Mwezi wa sita na wa kumi na mbili. Mtu mwingine angerukia kusema mvua, lakini Juni masika imeshakwisha. Fundi akauliza: mwezi wa sita huwa kuna nani nyumbani asiyekuwepo mwezi wa tano? Alikuwepo kijana wa nyumba ya juu, anayesoma shule ya bweni. Wazazi wake huoga kwa ndoo na kopo, kama walivyozoea. Shawa ilikuwa ya kijana peke yake.

Kwa jibu hilo, bila kugusa spana, bomba lenye msukumo wa kudumu lilikuwa limeshaachiliwa huru. Yaliyobaki aliyapima kwa vipimo visivyoharibu kitu. Alifungua kichwa cha shawa, akafunga mpira mahali pake, akauelekeza kwenye tundu la sakafuni na kufungulia maji kwa robo saa. Hapo bomba la kupanda na la kushuka yote yanafanya kazi, lakini ukuta haulowi. Chini kukavu. Akaziba tundu, akajaza maji sakafuni hadi sentimita 2, akachora mstari wa penseli kwenye kigae, akaenda kunywa chai. Aliporudi, maji yalikuwa bado kwenye mstari. Zikabaki kuta. Akachukua kopo na kumwagia ukuta kutoka chini kwenda juu, kipande kwa kipande, akingoja kila mara. Ukianzia juu, maji hushuka yakalowesha kila kitu na hutajua ni wapi palipoyapokea. Kila baada ya kitambo alipaza sauti dirishani, "Mama, vipi?" na kutoka chini likaja jibu, "Bado!" Alipofika kwenye kisahani cha chuma kinachozunguka koki, "Bado!" haikuja. Likaja yowe.

Nyuma ya kisahani palikuwa na tundu pana kuliko bomba lipitalo humo, na hapakuwa na kitu cha kuliziba. Maji yaliyorukia ukutani kijana alipokuwa akioga yaliingia humo. Fundi alisafisha, akakausha, akapaka silikoni juu na pembeni mwa kisahani. Chini akapaacha wazi. Mwanafunzi wake akadhani amesahau. "Yakipenya tena nyuma," fundi akamwambia, "yatokee hapa tuyaone. Ukiyazibia kote yatashuka kwa watu."

Ninachokisifu katika kazi hii ni kujizuia. Kujua mabomba wanajua wengi, na mikono yenye nguvu si haba. Ni wachache wanaoweza kusimama na nyundo karibu, mwenye nyumba akihema mgongoni, wakaendelea kumwaga kopo la maji na kungoja. Kungoja kunafanana na uvivu. Mteja anaona mtu anakunywa chai. Haoni kwamba mstari wa penseli uko kazini. Na kazi ikiisha vizuri hakuna cha kuonyesha wageni, kwa sababu sehemu yake kubwa ni vigae ambavyo havikuvunjwa.

Silikoni iliachwa ikauke siku nzima. Kesho yake kijana akaambiwa, "Mdogo wangu, oga kama unavyooga siku zote," naye hakuhitaji kubembelezwa. Aliimba nyimbo kadhaa. Mama wa chini alisimama juu ya kigoda na tochi, hakuona tone. Alitaka kupaka rangi jioni hiyohiyo. Fundi akamkataza, akabandika kipande cha nailoni juu ya doa, akafunga kingo zote kwa tepu na kumwambia kwamba siku nailoni itakapokaa usiku kucha bila kutoa jasho kwa ndani, ndipo amwite mpaka rangi.

Bei ikazua maneno. "Pesa yote hiyo kwa kichupa cha silikoni?" aliuliza mwenye nyumba, na akapunguza. Yule wa nyundo alikuwa amelipwa bei aliyoitaja, bila kupunguziwa hata shilingi, kwa kuwa kazi yake ilionekana: vifusi vilijaza viroba, na vijana walilipwa zaidi kuviteremsha ngazi.