Wavu, Tofali, Ukili na Mtande: Uhakiki wa Taswira za Kiswahili katika Ugawaji wa Miili kwa Elementi za Nyuso Sita, kwa Mfano wa Bomba Lililofukiwa Handeni na Korogwe

Istilahi za sayansi zinapohakikiwa katika taaluma ya Kiswahili, aghalabu hupimwa kwa vigezo vya kiisimu: ufupi, unyambulikaji, upatanifu na mfumo wa sauti, na kukubalika kwa watumiaji. Vigezo hivyo ni halali. Hata hivyo, vinaliacha nje swali ambalo fundi angeliuliza kwanza, nalo ni kama neno lenyewe linamwongoza mtumiaji kuifanya kazi sawasawa au linampoteza. Uhakiki huu unalielekeza swali hilo kwenye taswira nne za Kiswahili zinazoweza kubeba dhana moja ya uhandisi: kuugawa mwili kuwa vipande vya nyuso sita vilivyopangwa kwa safu, ili kompyuta iweze kukokotoa mikazo na joto ndani yake.

Mfano unaotumika ni bomba la mafuta ghafi la Afrika Mashariki. Bomba hilo lina urefu wa kilomita 1,443 kutoka Hoima nchini Uganda hadi Chongoleani, Tanga, na kati ya hizo kilomita 1,147 zimo Tanzania. Likiingia mkoa wa Tanga linapita Kilindi, Handeni, Korogwe na Muheza. Kipenyo chake ni inchi 24. Mafuta ya Ziwa Albert yana nta nyingi na huganda yakipoa, kwa hiyo bomba limevikwa povu la kuzuia joto, na mafuta yanatakiwa kubaki kwenye nyuzijoto zipatazo 50 za Selsiasi. Chuma kinachopashwa joto hutaka kurefuka. Udongo uliokifukia hukizuia. Mvutano huo, ndani ya ardhi ambayo watu wanailima mahindi na mihogo, hauonekani kwa macho. Unajulikana kwa kukokotolewa tu.

Mbinu ya kuukokotoa si ngeni. Richard Courant alionyesha msingi wake mwaka 1943, na Ray Clough akaipa jina linalotumika hadi leo mwaka 1960. Mwili usioweza kutatuliwa kwa ujumla wake hukatwa kuwa vipande vidogo, yaani elementi, vinavyoshikana kwenye nukta zinazoitwa hapa vifundo. Milinganyo ya kila elementi huandikwa kwa vifundo vyake tu, kisha yote huunganishwa na kutatuliwa kwa pamoja. Elementi yaweza kuwa na nyuso nne, kama piramidi ya pembetatu, au nyuso sita, kama mchemraba uliovutwa na kupindwa. Za nyuso nne programu huzijaza yenyewe ndani ya karibu umbo lolote. Za nyuso sita zilizopangwa kwa safu haziji kirahisi hivyo: mtu ndiye anayeamua mwili ukatwe wapi na kila ukingo ugawanywe mara ngapi. Uamuzi huo hufanywa kwa maneno kabla ya kufanywa kwa tarakimu.

Neno la kwanza kujitokeza ni wavu. Lina faida ya kueleweka papo hapo, na vifundo vyake ni vifundo kweli. Kasoro yake ni kwamba katika wavu wa mvuvi kilicho muhimu ni uzi na ukubwa wa tundu. Ndani ya tundu hamna kitu. Katika ugawaji wa mwili hali ni kinyume: mistari haina unene wala uzito, na tundu ndilo lililojaa chuma, povu au udongo. Pili, wavu ni utando usio na kina. Mwanafunzi aliyefundishwa wavu huitazama picha ya bomba kwenye kioo cha kompyuta, akaona mistari imesongamana juu ya uso wake, akaridhika. Hatauliza katika unene wa ukuta wa chuma kuna elementi ngapi. Iwapo iko moja tu, tena ya vifundo vinane vya pembeni peke yake, kupinda kwa ukuta huo kutakokotolewa vibaya hata kama uso unapendeza kama kitambaa cha lesi.

Taswira ya tofali ina nguvu zaidi, na wahandisi wa mataifa mengine nao huiita elementi hiyo kwa jina hilohilo. Tofali lina nyuso sita, lina ujazo, na linajenga kwa kupandana. Kutokana nalo linapatikana neno kozi, ambalo kila fundi mwashi wa Handeni na Korogwe analo mdomoni: ukuta hupanda kozi kwa kozi. Lakini fundi huyohuyo hawezi kuacha viungo vya wima vifuatane kutoka kozi ya chini hadi ya juu; ukuta wa namna hiyo hupasuka. Yeye huliweka tofali la juu likalie kiungo cha yale mawili ya chini. Kanuni njema ya uashi ndiyo kosa kuu katika ugawaji wa mwili. Kona ya elementi ikiangukia katikati ya ukingo wa jirani yake, kifundo hicho huning'inia: kinasogea kwa hesabu za upande mmoja, na upande wa pili haukijui. Mpaka hufunguka au vipande huingiliana, na mikazo inayosomwa hapo haina maana. Anayefuata tofali kwa uaminifu atakosea kwa sababu ya uaminifu wake.

Ukili unasahihisha kosa hilo kwa kiasi kikubwa. Msusi huanza na idadi fulani ya miyaa, na idadi hiyo ndiyo inayoamua upana wa ukili mpaka mwisho. Hawezi kuongeza mwaa katikati bila ukili wote kubadilika. Hili ndilo sharti lenyewe la mpangilio. Ukingo mmoja wa kizuizi cha elementi ukigawanywa mara 12, ukingo unaoukabili lazima ugawanywe mara 12, na jirani anayegusana nao vivyo hivyo, hadi mstari utokee nje ya mwili. Isitoshe, mkeka hutengenezwa kwa kushona kili ubavu kwa ubavu, na mshonaji hajali kama mwaa wa huku unakutana na mwaa wa kule. Wahandisi nao wana hila hiyo: vizuizi viwili visivyolingana hufungwa pamoja kwa masharti ya kihesabu, kila kimoja kikibaki na mgawanyo wake. Kushona ni neno linalofaa kabisa kwa kazi hiyo, nalo linabeba tahadhari yake, kwa kuwa anayekalia mkeka anajua mshono uko wapi.

Dosari ya ukili iko ukingoni. Mwaa ukifika ukingoni hukunjwa ukarudi ndani, ilhali mstari wa elementi haurudi. Unaingia upande huu na kutokea upande wa pili. Taswira inayolisema hilo bila kukunja chochote ni ya kitanda cha mfumi, ambako Kiswahili tayari kina maneno mawili kamili: mtande, nyuzi zinazotandwa kwa urefu, na mshindio, nyuzi zinazopitishwa kwa upana. Kila uzi wa mtande unakutana na kila uzi wa mshindio mara moja tu, na anwani ya makutano hutajwa kwa namba mbili. Kinachokosekana ni kina, nacho kinaweza kuazimwa kwa mwashi. Mtande, mshindio na kozi: elementi ya mtande wa 7, mshindio wa 3, kozi ya 2. Namba tatu zinatosha kuipata elementi yoyote na majirani zake sita, bila kompyuta kutunza orodha ya nani anagusana na nani. Istilahi hii ina sehemu tatu kwa sababu dhana yenyewe ina pande tatu, na hapa ndipo inapoishinda wavu.

Nguvu ya taswira hupimwa kazini. Chukua kipande cha bomba kilichonyooka, kimezungukwa na mche wa udongo wenye sura ya mraba. Duara la bomba hugawanywa kuwa robo nne, na kila robo huunganishwa na upande mmoja wa mraba, ili duara ligeuke mraba taratibu. Kila robo ikipewa mishindio 12, mzunguko mzima una 48. Kutoka ndani kwenda nje ziwekwe kozi 2 za chuma, 1 ya rangi ya kuzuia kutu, 4 za povu, 1 ya ganda la plastiki na 14 za udongo, jumla 22. Kwa urefu ziwekwe hatua 200. Elementi zote ni 48 mara 22 mara 200, yaani 211,200. Mhandisi akiona chuma kinahitaji mishindio 96 ili duara lake lisiwe na pembepembe, elementi zinakuwa 422,400, na nyingi ya zile zilizoongezeka zimo katika udongo ambao haukuzihitaji. Uzi ulioongezwa kwenye chuma umelazimika kupita hadi nje. Mwenye taswira ya wavu atashangazwa na gharama hiyo. Mwenye taswira ya mtande na mshindio ataitarajia kabla ya kubonyeza kitufe.

Hapa inafaa kukosoa pia dai linalorudiwa mno kwamba nyuso sita daima ni bora kuliko nyuso nne. Elementi sahili ya nyuso nne ina mgeuko wa umbo ulio sawa ndani yake pote, hivyo huwa ngumu kupita kiasi inapopindwa. Lakini ile yenye vifundo kumi hufanya kazi vizuri, na elementi ya nyuso sita yenye vifundo vinane nayo hukakamaa katika kupinda ikikokotolewa kwa nukta zake zote nane za Gauss. Ikikokotolewa kwa nukta moja hulegea, hata ikaweza kujipindapinda bila nguvu yoyote kuizuia. Sababu ya kweli ya kuichagua kwa bomba ni nyingine: joto na mikazo hubadilika haraka katika unene wa sentimita chache na polepole sana katika urefu wa mamia ya mita, na elementi ya nyuso sita huvumilia kurefushwa upande mmoja, wakati piramidi iliyorefushwa hivyo huharibika.

Penye kona mambo huwa magumu. Kugawa bomba lililopinda hufanywa kwa kuusafirisha mkato mmoja kufuata mhimili wake. Kwa kona ya kiwandani ambayo nusukipenyo chake ni mara tano ya kipenyo cha bomba, bomba la inchi 24 linapinda kwa nusukipenyo cha takriban mita 3. Mche wa udongo ukienea mita 5 kila upande wa mhimili, mikato iliyofuatana itakutana na kukatana upande wa ndani wa kona, elementi zitageuka nje ndani, na detaminanti ya Jacobi itakuwa hasi. Programu nzuri hukataa kuendelea. Dawa yake ni mhandisi kuukata udongo upya, na kwa kulijua hilo mapema anahitaji kuuona mkato ukitembea, si kuona wavu umetulia.

Tatizo lililo karibu zaidi na ardhi ya Handeni na Korogwe ni matabaka. Njia ya bomba lazima ivuke Mto Pangani, na bonde la mto haliwezi kuwa na udongo ule wa nyanda kavu. Udongo ulioloa hupitisha joto zaidi ya uliokauka, na masika haufanani na kiangazi. Mtande na mshindio hudhani kwamba kila tabaka linaanzia ukingo mmoja na kuishia mwingine. Tabaka la mfinyanzi ambalo hupungua unene hadi likaisha njiani linailazimisha kozi yake ibanwe mpaka elementi ziwe kabari. Ama tabaka hilo linapanuliwa kwa uongo, ama mpangilio unavunjwa na vizuizi kushonwa. Mara nyingi huchaguliwa la kwanza kwa sababu ni rahisi, na picha ya mwisho yenye rangi zake nyekundu na buluu haionyeshi kwamba uchaguzi ulifanyika.

Ndiyo maana suala la istilahi katika uwanja huu haliishii kwa wanaisimu. Tangu 1967 elimu ya msingi Tanzania hutolewa kwa Kiswahili na ya sekondari kwa Kiingereza, na Baraza la Kiswahili la Taifa lilianzishwa mwaka huohuo. Mwanafunzi wa uhandisi aliyekulia Korogwe anayajua matofali na mikeka kwa lugha moja, na anakutana na elementi kwa lugha nyingine. Ripoti ya hesabu huandikwa kwa hiyo ya pili, na mkutano wa kijiji huendeshwa kwa ya kwanza. Katika mkutano huo sentensi "kompyuta imeonyesha" haina anayeijibu. Kwa maneno yaliyopendekezwa hapa yapo maswali yanayoweza kuulizwa na yeyote aliyewahi kujenga ukuta au kushona mkeka: ukuta wa chuma una kozi ngapi, vizuizi vimeshonwa wapi, na lile tabaka linaloishia karibu na mto limeishia wapi katika hesabu.