Pepo Iliyosomwa Kinyume

Nchini Marekani, mwaka 1999, watoto wa kike 8 tu walipewa jina Nevaeh. Mwaka 2005 likawa la 70 kwa wingi, na mwaka 2010 likafika la 25. Aliyelivumisha ni Sonny Sandoval, mwimbaji wa kundi la P.O.D., alipomwonyesha binti yake katika televisheni mwaka 2000. Ni neno la Kiingereza heaven, yaani pepo, lililoandikwa kutoka mwisho.

Wapo wanaolibeza kuwa ni mchezo wa herufi tu. Ama mchezo huo si mgeni kwa Waswahili: katika kinyume silabi ya mwisho hutangulizwa, nyumba ikawa mbanyu, na hodari wa kusikia akafumbua. Lakini kinyume hufumbuliwa kwa sikio, na Nevaeh kwa jicho. Mtoto aitwapo uani, pepo haisikiki. Husikika irabu laini tu.

Hapo ndipo penye mvuto wa jina hili, na ndipo penye upungufu wake. Mzazi amemfichia mwanawe dua, nayo dua yahitaji karatasi. Jina huitwa mara elfu kabla ya kuandikwa mara moja. Nevaeh, basi, ni fumbo zuri lililokosa sauti yake.