Sauti ya Nani?

Reli ya kati, kabla ya kufika Morogoro na kuendelea Kilosa, hupita Kingolwira. Mashamba ya wakulima wa hapo yaliingia kwenye filamu ya Bantu Educational Kinema Experiment, mradi wa Waingereza uliopiga kambi Vugiri, Usambara, kati ya 1935 na 1937, ukatoa filamu 35. Katika nyingi waliigiza wenyeji: mazingira ya kweli, kisa cha kutunga. Picha peke yake zaweza kukushawishi kwamba huo ni ushirika. Lakini zilipigwa bila sauti. Maelezo yalirekodiwa baadaye kwenye santuri na kuchezwa sambamba na projekta. Kiufundi lilikuwa wazo zuri, maana picha zilezile ziliweza kusemeshwa lugha nyingi. Ila hapohapo mkulima alinyang'anywa kisa chake: yeye alime, mwingine aseme maana yake. Filamu inayochanganya uhalisia na ubunifu huwa ya ushirika, au huacha kuwa, kwenye sauti.

Mtengenezaji filamu Mfaransa Jean Rouch alikuwa na upungufu uleule alipopiga filamu yake Moi, un noir, Treichville, Abidjan, mwaka 1957, kwa kamera isiyonasa sauti. Yeye alimwonyesha mwigizaji wake, Oumarou Ganda, picha zenyewe, naye akazisimulia papo kwa papo. Kuna mahali Ganda anaigiza mapigano kando ya maji. Bila sauti ungedhani ni mzaha. Sauti yake inatueleza vita vya Indochina, alikopigana kweli. Msimulizi wa kuajiriwa asingeliweza hilo.

Itasemwa kwamba uhariri ulibaki mikononi mwa Rouch. Ni kweli, na pengo hilo linazibwa vizuri zaidi na tamthilia kuliko sinema. Penina Muhando Mlama, mzaliwa wa Berega, Kilosa, aliyetafiti sanaa za maonyesho za Wakaguru, alikuwa miongoni mwa walioendesha warsha ya tamthilia kijijini Malya mwanzoni mwa miaka ya 1980: wanakijiji walichagua tatizo, wakalitungia mchezo, wakauigiza, kisha wakaujadili. Wapo watakaojibu kwamba mchezo hubadilika kesho ilhali filamu ikishafungwa imefungwa. Basi isifungwe mapema. Anayetaka kutengeneza filamu ya tembo wanaovamia mashamba jirani na Hifadhi ya Mikumi atenge kwenye bajeti safari ya kurudisha rasimu kijijini, arekodi ubishi utakaozuka, na kuuingiza kwenye filamu yenyewe, hata pale wenye mashamba wanapoukataa mwisho aliouchagua yeye.